Ini Lenye Tai

Nililinyakua Jumanne, kipindi cha nne,
joto limekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga.
Mbele, Bwana Lukindo wa Chama cha Kiasi
alikuwa ametundika ini kwenye ubao,
ini la karatasi ngumu, nusu jekundu nusu lami,
limeshikizwa kwa pini mbili na plasta ya kidonda.
"Hili," alisema, akiligonga kwa fimbo yangu mimi,
"ni la mtu aliyeanza na kikombe kimoja!"
Watoto sabini na watatu wakaitikia:
"Kikombe kimoja!"
kama wanaoagiza.

Tumpale hakuitikia. Alikuwa kazini.

Mimi ndiye mwalimu wa nidhamu.
Jicho langu halilali hata mwenyewe ninapolala.
Nikapita nyuma, nikalichukua daftari la Hisabati,
nikaenda nalo stoo, kati ya majembe na mifagio,
nikafungua.

Katikati ya vipeuo vya pili
ini limevaa tai, limesimama kizimbani:
"Mheshimiwa hakimu, mimi nilikuwa abiria tu."

Geuza. Bwana Lukindo, tumbo limemtangulia hatua tatu,
anamwaga chupa nzima kwenye mtaro wa shule
huku wanafunzi wakipiga makofi kwa foleni.
Ndani ya mtaro vyura wanne, viti vya plastiki,
mmoja kainua mguu: "Mhudumu! Mwambie arudie."

Geuza. Jezi za timu yetu,
zile tulizopewa na kiwanda cha bia,
zinacheza zenyewe, hazina watu ndani.
Namba tisa inapepesuka mbele ya goli.
Mkuu wa Shule anapokea kombe kwa mikono miwili,
kombe lina povu.

Hapo nilicheka. Nakiri. Nilicheka nikashika mlango.

Geuza.
Nilijijua kwa viatu.
Ijumaa, baa ya nyuma ya gereji, Devis Kona,
nasahihisha mitihani, rundo huku, chupa huku.
Chupa ya kwanza: thelathini na moja.
Chupa ya pili: arobaini na nane.
Chupa ya tatu: "Hongera sana, kijana wangu."

Sikucheka. Nikatazama viatu vyangu.
Hata ile kamba iliyokatika kaichora.

Ukurasa wa mwisho hauna maneno mengi.
Mwanamke kainamia chungu, khanga kaifunga kiunoni,
naye namfahamu, ni mama yake,
anauza kimpumu Buza, nyuma ya mashine ya kusaga.
Wateja wamekizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake.
Lakini mrija mmoja ni mrefu kuliko yote.
Unatoka chunguni, unapita uchochoroni,
unaruka reli ya Tazara, unakwepa mbuzi,
unapenya uzio wetu pale uliposhonwa kwa waya,
unaingia dirisha la mhasibu,
na mhasibu, kafumba macho, anavuta.
Chini, kwa mwandiko safi wa kidato cha pili:
"Mchango wa uji na mtihani: umelipwa."

Nilikaa juu ya ndoo mpaka kengele.
Kanuni naijua: barua kwa mzazi, viboko kwa idhini.
Nikajaribu kuitunga barua hiyo kichwani.
Ndugu mzazi, mwanao amechora.
Haikuendelea.

Alhamisi nikamrudishia. Hakuniuliza, sikumwambia.
Ila kwenye ukurasa wangu, kwa wino mwekundu,
nilikuwa nimesahihisha: Chupa zilikuwa mbili.
Ijumaa nikalipitia tena, ukaguzi wa kawaida.
Chini ya wino wangu kalamu ya buluu ilijibu:
"Onyesha njia."

Juma lililofuata Bwana Lukindo alirudi na mapafu,
zamu ya sigara, pini zile zile.
Akayatundika, akakohoa kidogo, akageuka kulitazama darasa,
na kule nyuma nikasikia kifuniko cha kalamu kikifunguka.
Nikasogea hatua moja kushoto.
Mimi ni mpana. Nikasimama hapo
mpaka somo likaisha.